Tuitunze Pikipiki ya Magurudumu Matatu

Katika Bukavu, mji uliojengwa juu ya vilima kando ya ziwa Kivu, karibu mita 1,500 juu ya bahari, pikipiki ya magurudumu matatu imekuwa mtumishi wa jamaa nyingi. Hupandisha magunia ya unga hata sokoni Kadutu, hushusha mbao na saruji hata Ibanda. Chombo hicho kikisimama, karo ya watoto nayo husimama. Kwa hiyo yafaa tujue kukitunza.

Kwanza ni mafuta ya injini. Hayo hulainisha vyuma visisagane, huchukua joto, tena hukusanya taka. Injini nyingi za namna hii hupozwa kwa upepo tu. Zinapopanda polepole na mzigo mzito, upepo huwa haba na joto huzidi; hapo mafuta mabovu hayavumilii.

Juu ya chupa mtaona maandishi kama SAE 20W-50. Namba iliyo mbele ya W yaonyesha jinsi mafuta yanavyotiririka wakati wa baridi. Namba ya mwisho yaonyesha uzito wake injini ikiwa ya moto. Fuateni namba iliyotajwa katika kitabu cha mtengenezaji.

Tena tafuteni herufi JASO MA. Katika pikipiki nyingi klachi huogelea katika mafuta yale yale ya injini. Baadhi ya mafuta ya motokari yametiwa dawa ya kupunguza msuguano, nayo yaweza kuifanya klachi iteleze mlimani. Herufi hizo zaonyesha mafuta yanayofaa klachi ya namna hiyo. Msinunue chupa iliyokwisha kufunguliwa, hata kama bei yake yapendeza.

Kila asubuhi mafuta yapimwe, chombo kikiwa mahali tambarare. Yakipungua, yaongezwe, lakini yasipite alama ya juu. Injini mpya hubadilishiwa mafuta mapema. Baadaye hufuatwa kilometa zilizoandikwa kitabuni. Anayebeba mizigo mizito katika vumbi na matope asingojee hata kilometa ya mwisho. Na chombo chenye difu nyuma, mafuta ya difu ni mengine, yasichanganywe.

Ninyi wanafunzi, hapa mna kazi. Kitabu hicho mara nyingi ni cha lugha ya kigeni: msomeeni baba. Andikeni katika daftari siku na kilometa za kila badiliko, pamoja na kusafisha chujio la hewa, kukaza mnyororo na kupima upepo wa tairi.

Breki zisisahauliwe kamwe. Wengine huzima injini mtelemkoni ili kubana petroli. Hilo ni kosa kubwa, kwa maana breki peke yake hupata moto na kulegea. Shukeni kwa gia ndogo. Amri isemayo «Usiue» yamhusu dereva pia.

Mafuta machafu yasimwagwe mferejini, kwani mifereji yetu huishia ziwani au mtoni Ruzizi. Yatieni katika dumu lenye mfuniko, mpelekeeni fundi anayeyakusanya. Papa Fransisko alitukumbusha mwaka 2015, katika barua yake Laudato Si', kwamba dunia ni nyumba yetu sote.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mtakatifu Yosefu, ambaye Papa Pio XII alimwekea sikukuu ya wafanyakazi mwaka 1955, alipata mkate wa jamaa yake kwa vyombo vya kazi. Nasi tuvitunze vyetu.