Malkia ananunuliwa, madume hayanunuliki

Majira ya kuchipua yakikaribia, malkia wa nyuki kwa maelfu husafirishwa kwa posta na ndege kutoka Hawaii na kaskazini mwa California kwenda kwa wafugaji wa Marekani na Kanada. Kila mmoja yumo ndani ya kijisanduku cha kuenea kiganjani, pamoja na nyuki vibarua wachache wa kumlisha, na mlango umezibwa kwa donge la sukari. Mfugaji hukipachika kijisanduku hicho katikati ya masega. Nyuki wa mzinga huo huanza kulila donge, na siku mbili tatu baadaye, malkia anapotoka, huwa wameshaizoea harufu yake. Akiachiwa humo bila kusubiri, mara nyingi wanamuua. Bei yake huko ni dola 30 hadi 50 hivi, na yule wa mbegu, wa kuzalishia malkia wengine, huuzwa kwa mamia ya dola.

Mdudu mmoja kwa bei hiyo? Hesabu yake ni rahisi. Karibu kila nyuki aliyemo mzingani ni mtoto wa malkia, na mzinga wenye nguvu huwa na vibarua 40,000 hadi 60,000. Kibarua wa msimu wa maua huishi wiki sita hivi, kwa hiyo ukibadilisha malkia leo, baada ya miezi miwili mzinga ni uleule lakini nyuki ni wengine kabisa, na hasira, bidii na afya zao ni nyingine.

Kumkuza si siri. Gilbert Doolittle wa Marekani aliandika namna ya kufanya hivyo mwaka 1889, na wakuzaji wengi bado wanafuata njia ileile. Yai la malkia na la kibarua ni moja; kinachowatofautisha ni chakula. Mkuzaji huchota jana, yaani buu la nyuki, lisilozidi umri wa siku moja kwa kijiti chenye ncha nyembamba, linaloelea kwenye tone la maziwa ya nyuki (chakula chake) na ambalo halionekani vizuri bila mwanga mkali. Hulilaza ndani ya kikombe kidogo cha nta au plastiki, kisha hupanga vikombe kwenye kiunzi na kuvitia katika mzinga uliojaa nyuki wachanga na usio na malkia. Kutoka yai hadi malkia ni siku 16, kibarua siku 21, dume siku 24. Kalenda hapo haina mzaha. Mkuzaji akichelewa siku moja kuzitenganisha seli za malkia zilizojengwa kwenye vikombe hivyo, malkia wa kwanza kutoka hupita akiwaua dada zake mmoja mmoja wakiwa bado wamefungiwa.

Ugumu, na kwa maoni yangu ndiko iliko fedha yote, uko kwa baba. Siku chache baada ya kutoka, malkia huruka na kupandwa angani na madume kati ya 10 na 20, kisha hurudi na mbegu atakazozitumia maisha yake yote. Madume hayo yametoka mizinga ya jirani, yametoka porini, yametoka kwa mfugaji asiyejali. Unaweza kuchagua mama kwa miaka kumi na kazi yote ikaharibiwa na alasiri moja ya jua.

Kwa hiyo Wajerumani na Wadenmark hupeleka malkia visiwani, ambako hakuna nyuki wengine. Huko Uingereza, Brother Adam, mtawa wa Buckfast, alifungua kituo cha kupandishia kwenye nyika ya Dartmoor mwaka 1925, baada ya ugonjwa kufagia nyuki wengi wa nchi hiyo. Wengine hujaza madume yao wenyewe eneo zima na kuomba heri. Wenye mtaji hutumia sindano: malkia hulazwa kwa hewa ya kaboni dioksidi chini ya darubini na kutiwa mbegu zisizofika hata sehemu ya mia mbili ya kijiko cha chai. Mbinu hiyo ilianza kufanikiwa Marekani miaka ya 1920, na ndiyo inayofanya malkia wa mbegu awe ghali.

Zamani kilichotafutwa kilikuwa asali nyingi na upole. Utitiri wa varoa, ulioingia Marekani mwaka 1987, uligeuza soko: sasa wakatafutwa nyuki wanaoweza kuustahimili. Mtafiti Walter Rothenbuhler alikuwa ameshaonyesha mwaka 1964 kwamba tabia ya nyuki kufukua na kutupa majana yenye ugonjwa hurithiwa. Marla Spivak wa Minnesota aliifanya kuwa bidhaa. Kipimo chake kila mfugaji anaweza kukielewa: gandisha kipande cha sega lenye majana kwa naitrojeni ya kimiminika, kirudishe mzingani, hesabu kesho yake. Mzinga uliosafisha zaidi ya asilimia 95 ndio wa kuzalishia. Anayetaka kuona uteuzi unaweza kufika wapi atazame Zhejiang, China, ambako tangu miaka ya 1980 nyuki wa Kiitaliano wamechaguliwa kwa maziwa ya nyuki peke yake, na sasa mzinga mmoja hutoa zaidi ya kilo 10 kwa mwaka.

Na sisi? Afrika Mashariki imo katika hadithi hii, ila kama mtoaji. Mwaka 1956 mtafiti Warwick Kerr alipeleka Brazil malkia kutoka Afrika Kusini, na pia kutoka Tanganyika. Mwaka uliofuata makundi 26 yalitoroka. Uzao wao, uliochanganyika na nyuki wa Ulaya, ulifika Texas mwaka 1990. Kwa ukali wa nyuki hao, wafugaji wengi wa Brazil waliacha kazi kwanza. Waliobaki walihamishia mizinga mbali na nyumba, wakavaa mavazi mazito, na wakawa wanaua malkia wa mizinga mikali kupita kiasi. Leo Brazil inauza asali nje kwa nyuki hao hao. Brother Adam naye alifika Kilimanjaro mwaka 1987, akikaribia miaka 90, kutafuta nyuki wapole wa milimani, na Waswidi wakachukua mbegu Mlima Elgon.

Hapa kwetu biashara ya malkia karibu haipo, kwa sababu ya kiuchumi: nyuki ni bure. Mfugaji wa Tabora au Kitui hupaka nta kwenye mzinga mtupu, huutundika, na kundi huja lenyewe. Ukame ukizidi huhama, na malkia aliyenunuliwa angeondoka nalo. Isitoshe, kwenye mzinga wa gogo hutoi sega bila kulivunja. Malkia humwoni, na usiyemwona humwekei kumbukumbu. Mteja wa kwanza atakuwa mwenye mizinga ya masanduku aliye karibu na nyumba za watu, anayelipa fidia kila mbuzi wa jirani anapoumwa.

Kuagiza malkia wa Ulaya ni kupoteza fedha. Varoa alionekana Kenya na Tanzania mwaka 2009, na makundi yetu yanaendelea kuishi naye bila dawa. Sifa ambayo wenzetu wanaitafuta kwa naitrojeni tunayo tayari. Hata kuhamisha nyuki ndani ya nchi kuna hatari zake. Mwaka 1990 wafugaji wa Afrika Kusini walipeleka nyuki wa eneo la Rasi (Cape) kaskazini, na vibarua wao, wanaotaga bila dume, waliingia mizinga ya huko na kuua makumi ya maelfu ya makundi.

Anayetaka kuanza asinunue darubini. Anunue daftari. Kila mzinga uandikwe umetoa kilo ngapi, umekaa misimu mingapi, umemfukuza mtu hatua ngapi. Baada ya misimu mitatu auondoe malkia wa mzinga mkali kuliko yote, na akuze seli kutoka kwa ule bora. Awauzie majirani seli zilizokaribia kupasuka badala ya malkia aliyekwisha kupandwa: ni rahisi zaidi kuzikuza, na majirani wakizichukua wote, madume ya kijiji kizima yatakuwa ya ukoo wake.