Almasi za bure kwenye gemu: angalia kabla ya kubonyeza

Shule zikifungwa, simu ya mzazi huhamia mikononi mwa mtoto. Hapo ndipo ujumbe wa aina hii huanza kuzunguka kwenye WhatsApp: "Hongera! Umechaguliwa kupokea almasi 10,000 za Free Fire. Bonyeza hapa kabla ya saa sita usiku, kisha tuma kwa marafiki 15." Mara nyingi umetoka kwa mtu anayejulikana, labda binamu au mwanafunzi mwenzake, na kwa hiyo unaaminika upesi. Lakini huyo binamu naye alitumiwa tu.

Mkazi anayeupokea ajue kwanza kwamba zawadi za kweli zipo. Duka la mtandaoni la Epic Games limekuwa likitoa gemu za bure tangu Desemba 2018, na kampuni ya Garena, yenye Free Fire, hutoa kodi za zawadi zenye herufi na tarakimu 12 au 16, ambazo mchezaji huziingiza kwenye ukurasa wa kampuni yenyewe. Hakuna ada ya usajili, hakuna PIN ya M-Pesa inayoulizwa, wala hulazimiki kuwasumbua marafiki 15 ndipo upate.

Kuna kundi jingine ambalo halihitaji hata kuchunguzwa, nalo ni tovuti zinazodai "kutengeneza" Robux za mchezo wa Roblox. Salio la mchezaji huwekwa kwenye kompyuta za kampuni, kama vile salio lako la M-Pesa lisivyokaa ndani ya simu yako. Tovuti ya mtu wa nje haiwezi kuliongeza. Zile tarakimu unazoona zikipanda kwenye skrini ni picha tu. Kisha utaambiwa "thibitisha kuwa wewe si roboti" kwa kupakua programu mbili au kujaza dodoso. Mwenye tovuti hulipwa kwa kila programu na kila dodoso. Mtoto humaliza bando na hapati kitu.

Hiyo ndiyo hasara ndogo. Kubwa zaidi ni pale mtoto anapoandika jina na neno siri la akaunti yake kwenye ukurasa uliofanana na ule halisi. Akaunti iliyojengwa kwa miaka miwili, pengine na pesa za mzazi ndani yake, huchukuliwa kwa dakika chache na kuuzwa. Wengine huomba "ada ya kutuma zawadi" ya shilingi 200, na ukilipa, inazuka ada nyingine. Wengine hutaka upakue programu nje ya Play Store, ambayo ikipewa ruhusa ya kusoma ujumbe mfupi itaona kila kodi inayotumwa na benki. Simu ni moja: anayeitumia kucheza na anayeitumia kulipia chama wanategemea usalama uleule.

Jifunze kusoma anwani. Kinachohesabika ni maneno yaliyo karibu kabisa na mkwaju wa kwanza baada ya jina la tovuti, si yale yanayotangulia. Kwa mfano, anwani inayoanza "garena.almasi-bure.com" si ya Garena; ni ya yeyote aliyesajili "almasi-bure.com". Kuwepo kwa picha ya kufuli hakumaanishi mengi, kwani hata tapeli anaweza kuipata. Kwa maoni yetu, njia rahisi zaidi ni kukiacha kiungo hicho kabisa: fungua gemu yenyewe, uangalie sehemu ya matangazo. Kama zawadi ni ya kweli, itakuwapo pale. Kama haipo, huna haja ya kuendelea kupima. Na tangazo likikuharakisha kwa saa inayohesabu kurudi nyuma, hiyo ni sababu ya kuliacha.

Ikiwa tayari mtoto ameandika neno siri, badilisha neno hilo mara moja, na pia popote pengine lilipotumika, kisha uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Ikiwa alitoa kodi ya tarakimu 6 ya WhatsApp, sajili upya nambari hiyo kwenye simu yako. Pesa zikitumwa kwa M-Pesa, sambaza ujumbe wa muamala kwa 456 bila kuchelewa, kwa sababu mpokeaji akishazitoa ni vigumu kuzirudisha. Ujumbe wa ulaghai unaofika kwa SMS kwenye laini ya Safaricom husambazwa kwa 333. Usimchape mtoto aliyekuja kusema. Atakayeogopa kuchapwa atanyamaza, na ni zile saa za kunyamaza ndizo anazozihitaji mwizi.

Kumlaghai mtu mtandaoni ili atoe taarifa zake za siri ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya mwaka 2018. Adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 300,000, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kutumiwa. Unapokwenda kituo cha polisi kupiga ripoti, beba simu yenyewe, picha za skrini, anwani kamili ya tovuti na ujumbe wa M-Pesa. Usifute mazungumzo kwa hasira au aibu. Bila hayo, afisa hana pa kuanzia.