Picha Yako ya Njia Nyeupe Inatoka na Mistari? Unganisha Rangi Hivi

Kama ushawahi kesha Mbita ama Muhuru Bay ukipiga picha za nyota, rada unaijua. Picha moja moja zinakaa fiti. Ukiziunganisha zikuwe moja kubwa, manze, zinakaa mathree yenye mlango ulipigwa rangi siku tofauti na bodi: huku bluu, pale chungwa, katikati mstari.

Picha kubwa ya aina hiyo inaitwa mozaiki, na kila kipande ni paneli. Mara mob shida si kamera. Ni venye uliunganisha rangi.

Kwanza, rangi hutoka wapi?

Kamera haioni rangi. Kila pikseli inapima mwanga tu, na imefunikwa na kachujio kadogo. Kwa kamera mob, kati ya kila pikseli nne, mbili ni za kijani, moja nyekundu, moja bluu. So picha yako ni picha tatu za kijivu zimelaliana. Kila moja inaitwa chaneli.

Hii stori si ya jana. James Clerk Maxwell alionyesha picha ya rangi kwa njia hiyo 1861. Darubini ya Hubble pia hupiga kijivu. Kwa ile picha yake noma ya Nguzo za Uumbaji, ya 1995, salfa ilipewa nyekundu, haidrojeni kijani, oksijeni bluu.

Mbona paneli hazifanani?

Sababu ya kwanza ni hewa. Nyota ikiwa chini karibu na maji, mwanga wake unapita hewa mob, na hewa inakula bluu kuliko nyekundu. Ndio maana jua likizama Muhuru Bay linakaa chungwa. Paneli ya chini inapoteza bluu, ya juu inabaki nayo.

Ya pili ni taa. Wavuvi wa omena huingia ziwani mwezi ukiwa giza, zile usiku tu wewe pia unataka. Hizo taa ni karo na chakula ya watu, so hakuna mtu atazima juu yako. Mwanga wao, na wa Homa Bay taoni, unachafua upande mmoja wa paneli.

Sasa fanya hivi

1. Piga RAW. JPEG ishachezewa rangi tayari. Acha paneli zilaliane kama robo hivi.

2. Tenganisha chaneli za kila paneli. Programu ya Siril ni ya bure na inafanya kazi kwa Windows, Mac na Linux. Usiongeze mwangaza bado, juu hesabu ya hatua inayofuata itaharibika.

3. Safisha kila chaneli kivyake. Mwanga wa taa uliongezwa, so unatolewa. Mwanga ulioliwa na hewa ulipungua, so unazidishwa. Cheki nyota ile ile mahali paneli zimelaliana. Tuseme bluu yake ni 800 kwa paneli ya juu na 640 kwa ya chini: zidisha bluu ya chini kwa 1.25.

4. Unganisha mozaiki ya kijani kwanza, juu ndio iko na pikseli mob. Mpangilio huo huo uutumie kwa nyekundu na bluu. Ukiacha kila chaneli ijipange yenyewe, nyota zitatoka na kingo nyekundu.

5. Sasa weka mozaiki tatu pamoja. Sawazisha rangi mara moja tu, kwa picha nzima. Mwangaza unaongezwa mwisho.

Hiyo ya tano ndio huangusha wasee. Ukisawazisha rangi paneli kwa paneli, programu inakisia upya kila mara, na kila kisio kinatoka tofauti. Hapo ndio mistari huzaliwa.

Na mtu akikuambia "hiyo umeediti," mwambie ukweli: rangi zilipimwa, halafu zikasawazishwa. Kama ulitumia vichujio vya gesi kama Hubble, sema pia, juu hiyo rangi ilichaguliwa.

Anza na paneli mbili tu, kompyuta isikulilie. Na tripodi usiisimamishe kwa nyasi za ufuo. Usiku ndio viboko hutoka majini kula, na hawajali kama bado uko paneli ya kwanza.