Jina Moja la Ukoo, Je, ni Damu Moja?

Tuseme kijana wa Nkome, mvuvi mwenye bidii, amepata mchumba kutoka upande wa Nzera. Wazazi wameonana, ng'ombe wa mahari wamehesabiwa, na Jumapili majina ya wachumba yametangazwa kanisani. Baada ya Misa bibi mmoja amfuata paroko na kusema: "Padre, hawa hawawezi kuoana. Wote wawili ni wa ukoo mmoja. Ni ndugu."

Basi furaha yaingia baridi. Upande wa kijana waulizwa: je, mwamjua babu aliyezaa pande zote mbili? Hawamjui. Upande wa msichana waulizwa, nao hawamjui. Kinachojulikana ni jina la ukoo tu. Wazee wasema jina latosha. Vijana wasema jina ni jina tu. Nani ana haki?

Kabla ya kumjibu bibi yetu, nakuomba twende safari ndefu mpaka China, kisha turudi kwa njia ya pwani. Usishangae. Mara nyingi mtu huona vema mambo ya nyumbani kwake akiisha kuona ya jirani.

JINA LA MCHINA

Wengi wetu tumelivuka daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025, nasi twajua kwamba kampuni zilizolijenga zilitoka China. Mchina akikutajia jina lake, hutaja kwanza jina la ukoo, ndipo jina lake mwenyewe. Jina hilo la ukoo alilipata kwa baba, na baba kwa babu, hivyo hivyo miaka mamia na hata maelfu. Majina hayo si mengi sana ukilinganisha na wingi wa watu. Wenye jina la Wang, Li au Zhang, kila jina peke yake, ni zaidi ya milioni 80.

Kwetu desturi ni nyingine. Katika daftari la shule mtoto huandikwa jina lake, la baba na la babu. Mjukuu akizaliwa, jina la babu yule laondoka na lingine laingia. Kwa hiyo jina la tatu kwetu halilingani na jina la Mchina. Kinacholingana nalo ni ukoo, lile jina ambalo wazee hukuuliza ukifika ugenini, kabla hawajakupa kiti.

Wachina wa kale nao walikuwa na amri kama ya bibi yetu: wenye jina moja wasioane. Sheria za wafalme wa Tang, zaidi ya miaka 1,300 iliyopita, ziliwaadhibu waliooana wakiwa na jina moja la ukoo. Siku hizi sheria ya China haiangalii jina tena, huangalia ujamaa wa damu wenyewe kwa kuhesabu vizazi. Kwa nini waligeuza? Tazama jina moja tu, jina la Ma, nawe utaelewa.

CHEMCHEMI MBILI, MTO MMOJA

Neno Ma kwa Kichina maana yake ni farasi. Chemchemi ya kwanza ya jina hili ni ya zamani sana. Katika karne ya 3 kabla ya Kristo palikuwa na jemadari aitwaye Zhao She. Alishinda vita kubwa, na mfalme wake akampa cheo cha Bwana wa Mafu. Wajukuu wake wakajiita kwa cheo hicho, kisha wakalifupisha jina likawa Ma.

Chemchemi ya pili ni ya mbali kabisa nayo. Katika karne ya 13 na ya 14, Wamongolia walipotawala China, waliingia humo Waislamu wengi kutoka Asia ya Kati na Uajemi, askari, wafanya biashara na maofisa. Wakaoa wanawake wa nchi ile. Walipotakiwa kuwa na majina ya Kichina, wengi walichagua Ma, kwa sababu latamkika karibu na mwanzo wa jina la Muhammad. Hata leo jina la Ma ni la kawaida sana kwa Waislamu wa China waitwao Wahui.

Waona sasa? Watu wawili waitwao Ma wanaweza kukaa benchi moja, mmoja akiwa mzao wa watu wa jemadari wa kale, na mwingine wa mgeni aliyekuja na misafara kutoka Bukhara. Jina moja, wala hawana babu mmoja anayejulikana.

Tena wataalamu wamepima damu ya Wahui. Waliona kwamba sehemu kubwa ya asili yao ni ile ile ya Wachina wengine, na sehemu ndogo tu yatoka magharibi, nayo huonekana zaidi kwa upande wa baba. Jina lawakumbuka baba wageni. Damu yawakumbuka pia mama wenyeji, ambao jina liliwasahau.

JEMADARI ALIYEPEWA JINA

Katika ukoo wa Ma alizaliwa mwaka 1371 mtoto aliyeitwa Ma He, huko Yunnan, kusini ya China. Alitekwa vitani akiwa mtoto, akahasiwa, akapelekwa kutumika katika nyumba ya mtoto wa mfalme. Bwana wake akaja kuwa mfalme mwenyewe, na mwaka 1404 akampa mtumishi wake mwaminifu jina jipya la ukoo: Zheng. Huyu ndiye Zheng He, jemadari wa merikebu aliyesafiri mara saba kati ya 1405 na 1433, na ambaye baadhi ya merikebu zake zilifika pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Zheng He hakuweza kuzaa. Lakini alimlea mtoto wa ndugu yake kama mwanawe, na mpaka leo wako watu China wanaojiita wa nyumba ya Zheng He kwa njia ya mtoto huyo. Je, ni waongo? La. Jina lao lilitolewa na mfalme, na baba yao wa ukoo aliwapata kwa kulea. Jina hilo ni la kweli, ila kweli yake si ya damu.

JEMBE LA BABA NA CHUNGU CHA MAMA

Hapa yafaa tueleze kidogo jinsi damu inavyorithiwa. Wataalamu wasemapo "damu" katika habari hizi, husema juu ya vinasaba, yaani ile alama ndogo mno iliyo ndani ya mwili, ambayo mtoto hupata nusu kwa baba na nusu kwa mama.

Katika alama hizo mna moja ambayo baba humpa mwana wa kiume tu. Waweza kuifananisha na jembe ambalo kila baba humwachia mwanawe, na binti haligusi. Iko nyingine ambayo mama huwapa watoto wake wote, lakini binti tu ndiye anayeweza kuipitisha mbele. Hiyo ni kama chungu cha bibi. Jina la Mchina hufuata njia ya jembe. Ndiyo maana wataalamu hupima jembe wakitaka kujua kama wenye jina moja ni wa babu mmoja.

Lakini sasa hesabu pamoja nami. Una wazazi 2, babu na bibi 4, na wazazi wao 8. Ukipanda vizazi kumi, nafasi ni 1,024. Ukipanda vizazi ishirini, karibu miaka 600, nafasi zapita milioni moja. (Wengi watarudiwa, maana mtu mmoja hushika nafasi nyingi.) Katika hao wote, jina la ukoo lafuata mmoja tu. Basi mtu akijisifu kwa jina la babu wa zamani, anasema kweli juu ya mstari mmoja mwembamba na kunyamaza juu ya wengine wote.

MAMBO YA PWANI

Katika kisiwa cha Pate, karibu na Lamu nchini Kenya, uko mji wa Siyu, na humo ukoo wa Wafamau. Wazee wao husimulia kwamba merikebu ya Kichina ilivunjika mwambani karibu na Shanga, mabaharia wakaokoka, wakaoa wenyeji, wakakaa. Mwaka 2005, China ilipoadhimisha miaka 600 ya safari za Zheng He, msichana mmoja wa Siyu alialikwa huko, akapewa nafasi ya kusoma. Magazeti yaliandika kwamba vipimo vilionyesha asili ya Kichina. Nasi twafurahi kwa ajili yake, ila tukumbuke kwamba habari ya gazeti si sawa na hesabu zilizowekwa wazi wataalamu wengine wazikague. Wengine hata huunganisha jina la Shanga na Shanghai. Lakini waliochimba magofu ya Shanga waliona kwamba watu walikaa pale tangu karne ya 8, yaani miaka 600 kabla ya Zheng He.

Mwaka 2023 zilitolewa habari za uchunguzi mkubwa zaidi. Wataalamu walipima mifupa ya watu 80 wa kale, wengi wao wa miji ya pwani kama Manda, Faza, Mtwapa na Kilwa. Walikuta kwamba kwa wengi wa pwani, zaidi ya nusu ya asili yao yatoka Afrika, hasa kwa upande wa mama. Sehemu kubwa nyingine yatoka Asia, na zaidi ya yote kwa wanaume wa Uajemi. Kuchanganyika huko kulianza karibu mwaka 1000. Kumbe wazee wa pwani waliosimulia habari za baba zao Washirazi hawakuota ndoto! Ila simulizi ziliwataja baba. Mifupa ndiyo iliyowataja mama.

TURUDI NKOME

Sasa tazama ufuko wetu. Wazinza ndio wenyeji wa kale wa nchi hii. Wasukuma walivuka ghuba kutafuta mashamba na malisho, hasa baada ya mwaka 1947, serikali ya wakati ule ilipofungua nchi ya Geita kwa wahamiaji. Wakerewe, Wajita na Wakara walikuja kwa mitumbwi kufuata samaki, na wengine wengi wamefuata dhahabu.

Koo zetu nazo zina chemchemi nyingi. Wahinda walitawala Karagwe, Buzinza na hata Nkore huko Uganda, nao hujiita wa Ruhinda. Katika karne ya 19, siku za vita na za biashara ya watumwa, mateka na mayatima walilelewa katika nyumba za watu na kuhesabiwa katika ukoo wa mlezi. Kwa hiyo wenye ukoo mmoja huweza kuwa ndugu wa karibu, au ndugu wa mbali mno, au ndugu wa kulelewa.

Hapo ndipo ninaposikia uchungu. Katika nyumba nyingine urithi ukigawanywa, mtu hunong'ona: "Yule si wa damu, babu yake aliokotwa." Msomaji, neno hilo usilitie kinywani. Fungua Injili ya Mathayo, sura ya kwanza. Ukoo wa Bwana wetu unahesabiwa mpaka Yosefu, ambaye hakumzaa, na kwa huyo Yosefu Yesu huitwa mwana wa Daudi. Tena katika orodha ile wametajwa Rahabu na Ruthu, wanawake wa mataifa mengine. Ikiwa Mungu hakuona haya kumpa Mwanawe jina kwa njia ya mlezi, wewe ni nani umnyime jina yatima aliyelelewa na babu yako?

NA WALE WACHUMBA?

Bibi yetu hakukosa. Alifanya kazi ambayo tangazo la ndoa limewekwa kwa ajili yake, yaani kila ajuaye kizuizi aseme. Lakini jina peke yake halimalizi shauri. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 huhesabu hatua. Panda kutoka kwa kijana mpaka kwa babu wa pamoja, kisha shuka mpaka kwa msichana. Zikiwa nne au pungufu, kama kwa watoto wa ndugu wawili, ndoa imezuiliwa. Katika hatua ya nne Askofu aweza kutoa ruhusa kwa sababu nzito, lakini kwa ndugu wa baba mmoja au wa mama mmoja hapana ruhusa kamwe.

Basi familia mbili zikae chini na kuandika majina ya wazazi, ya babu na bibi, na ya wazazi wao, pande zote, jembe na chungu pia. Maana watoto wa dada wawili huwa na koo mbali mbali, na huku ni ndugu kabisa! Daftari la ubatizo parokiani litasaidia. Akionekana babu wa pamoja wa karibu, wachumba washukuru kwamba wameokolewa mapema. Asipoonekana, wazee waelezwe kwa heshima, maana mwiko wa ukoo ni ua uliojengwa kulinda watoto, wala haufai kubomolewa kwa dharau.

Wala usingoje mpaka siku ya posa. Jioni hii, samaki wakiisha kuliwa, chukua daftari ukae karibu na bibi. Mwulize mama yake aliitwa nani, na mama wa mama yake. Hayo ndiyo majina yanayopotea kwanza. Yeye akiisha kwenda, hakuna kipimo cha damu kitakachokutajia hata moja.