Kwa Nini Skrubu ya Diski ya Breki Hugoma, na Jinsi ya Kuitoa Bila Kuharibu Kichwa

Jumamosi moja nilijitolea kumbadilishia mjomba diski za breki za mbele. Gari lake ni dogo, la Kijapani, lilitumika huko kabla ya kuja kwetu. Tairi likatoka, kalipa ikatoka, padi zikatoka. Zikabaki skrubu mbili tu zinazoshikilia diski kwenye habu. Nikachukua bisibisi ya nyota, nikazungusha kwa nguvu zangu zote. Krrr! Bisibisi ikaruka, kichwa kikalika.

Mjomba akacheka: "Ehe, mjomba, huko chuo kikuu mnafundishwa nini hasa?"

Aibu ilinishika, lakini swali ni zuri. Hebu tulijibu.

Nini kinaishikilia skrubu?

Wengi tunadhani skrubu inashikiliwa na nyuzi zake tu. Kumbe kazi kubwa inafanywa na msuguano. Mainjinia wana makadirio haya: ukikaza skrubu ya kawaida, karibu asilimia 50 ya nguvu yako ya kuzungusha inaliwa na msuguano chini ya kichwa, asilimia 40 inaliwa kwenye nyuzi, na asilimia 10 tu ndiyo inayobana vitu viwili pamoja. Skrubu ya diski ina kichwa cha umbo la koni kinachozama ndani ya diski, kwa hiyo chenyewe kinabana kama kabari.

Halafu inakuja kutu. Chuma kikigeuka kutu kinachukua nafasi zaidi ya mara mbili ya ile ya mwanzo. Nafasi kati ya nyuzi ni finyu mno, kwa hiyo kutu inajaa na kusukuma kila upande. Ongeza maji ya barabarani na joto la breki kwa miaka kadhaa, halafu uone.

Kwa nini kichwa kinalika?

Bisibisi ya nyota tuliyoizoea ni ya mfumo wa Phillips, unaobeba jina la Mmarekani Henry F. Phillips aliyepata hataza zake mwaka 1936. Kuta za ncha yake zimelala kidogo, hazikusimama wima. Ukizungusha, sehemu ya kani inageuza skrubu na sehemu nyingine inaisukuma bisibisi itoke nje. Usipoikandamiza vya kutosha, inapanda, inateleza na kukwangua kichwa.

Kwa magari ya Kijapani kuna jambo la pili. Skrubu zake nyingi zilitengenezwa kwa kipimo cha Kijapani kiitwacho JIS. Kwa macho ni nyota ileile, lakini ncha ya Phillips haikai hadi chini kabisa. Baadhi ya skrubu za JIS zina kitone kidogo kichwani. Ukikiona, tafuta bisibisi ya JIS.

Namna ya kuitoa

Usalama kwanza. Gari likae juu ya stendi imara, siyo jeki peke yake, na tairi za upande wa pili zizuiwe. Vaa miwani ya kazi.

Safisha tundu la kichwa kwa msumari au brashi ya waya. Uchafu kidogo tu unatosha kuizuia bisibisi isizame. Kisha weka mafuta ya kulegeza kutu na usubiri, ikiwezekana usiku mzima. Mafuta hayo ni mepesi, yanajipenyeza kwenye nyufa ndogo kama mafuta ya taa yanavyopanda kwenye utambi wa koroboi. Safari hiyo inataka muda.

Baadaye tumia bisibisi ya kugonga, ile unayoipiga nyundo kwa nyuma. Ndani yake kuna utaratibu unaogeuza pigo kuwa mambo mawili kwa wakati mmoja: kukandamiza na kuzungusha. Yaani, sekunde ile skrubu inapogeuzwa, ndiyo sekunde ncha inaposukumwa ndani, haina nafasi ya kupanda. Mtikisiko nao unavunja kutu. Hakikisha imewekwa upande wa kufungua, la sivyo utakuwa unakaza!

Vipi kuhusu moto? Chuma kikipata joto hutanuka, na kutanuka huko husaidia kuachanisha kutu. Lakini hapa kuna mafuta ya breki, mipira na grisi ya beringi. Tena, baadhi ya dawa za kusafishia breki zina klorini, na zikipashwa moto zinatoa gesi ya sumu. Mimi nyumbani moto situmii.

Kichwa kikishakwisha

Usiendelee kuzungusha. Piga alama katikati ya kichwa, toboa kwa keekee ndogo, halafu tumia iliyo nene kidogo kuliko mwili wa skrubu, hadi kichwa kikatike. Diski itatoka, na kipande kitabaki kimechomoza kwenye habu. Sasa kumbuka ile asilimia 50: msuguano wa chini ya kichwa haupo tena, na mvutano umeisha. Mara nyingi plaizi ya kubana inatosha kukitoa.

Tulivyomaliza

Skrubu ya pili ilitoka kwa mapigo manne ya nyundo. Ile niliyoiharibu ilinila saa nzima ya kutoboa.

Wakati wa kurudisha, weka skrubu mpya na upake nyuzi grisi kidogo ya kuzuia kutu. Usiikaze kupita kiasi: kazi yake ni kushikilia diski isicheze tairi likiwa nje. Gari likitembea, nati za tairi ndizo zinazoibana diski. Nati hizo usizipake mafuta, kwa sababu msuguano ukipungua, nguvu ileile ya mkono inazivuta zaidi ya kipimo. Futa mafuta yote kwenye uso wa diski kabla ya kurudisha padi. Breki yenye mafuta haishiki.

Na bisibisi ikiteleza mara ya kwanza, simama hapohapo. Kichwa bado kinaokoleka. Ni mtelezo wa tatu na wa nne unaokimaliza, na mimi niliongeza hadi wa sita kwa sababu mjomba alikuwa anatazama.