Sumaku Ipimwe Kwenye Joto la Kazi Yake

Sumaku zenye nguvu kuliko zote madukani leo ni za neodimiamu, chuma na boroni. Zilipatikana mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa njia mbili tofauti, moja ya Masato Sagawa huko Japani na nyingine ya watafiti wa General Motors nchini Marekani. Wauzaji huzisifu kwa nguvu ya mvuto, na sifa hiyo ni ya haki, ila kwa kawaida hupimwa kwenye nyuzijoto 20 hivi. Mota ya gari la umeme, inayotumia sumaku hizi, haifanyi kazi kwenye ubaridi huo. Kwa sumaku ya kukaa miaka mingi penye joto, naona tutazame kwanza ukaidi wake, yaani uwezo wa kukataa kugeuzwa na uga sumaku unaoipinga.

Kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka huipunguzia sumaku ya neodimiamu takriban asilimia 0.12 ya nguvu, lakini ukaidi hupungua kwa takriban asilimia 0.6. Ikitoka nyuzi 20 hadi 120, nguvu imeshuka kwa asilimia 12 hivi, jambo la kuvumilika, huku ukaidi umeporomoka kwa karibu asilimia 60. Wakati huohuo dereva anapanda mlima, umeme mwingi unapita kwenye koili, na uga wake unaisukuma sumaku kinyume. Mota ikipoa, ile asilimia 12 hurudi. Sehemu zilizokwisha geuka hazirudi mpaka sumaku isumakishwe upya, na kuitoa ndani ya rota si kazi ndogo.

Atasema mtu kwamba neodimiamu hupoteza usumaku wote kwenye nyuzi 310 hivi, kwa hiyo 120 ni mbali. Kikomo hicho ni cha kifo; udhaifu huanza mapema zaidi, na sumaku nyembamba huathirika upesi kuliko nene. Muda nao una sehemu yake. Katika joto lisilobadilika, hasara ya kati ya saa ya 1 na ya 10 hukaribiana na ile ya kati ya saa ya 10 na ya 100. Ndiyo maana watengenezaji makini huipasha sumaku joto kupita lile la kazi yake kabla ya kuiuza, ili sehemu dhaifu zianguke kiwandani. Kutu lakini haina dawa hiyo: unyevu ukipenya mipako ya nikeli, sumaku hubomoka polepole kuwa unga, na hakuna kuisumakisha tena.

Kwa nini basi tusitumie samariamu na kobalti, zinazostahimili hata nyuzi 300? Huvunjika kirahisi, nguvu yake ni ndogo, na kobalti ina historia yake: vita vya Shaba mwaka 1978, katika Kongo iliyoitwa Zaire, vilipandisha bei yake sana na kuwahimiza watafiti kutafuta sumaku za chuma. Metali ya disprosiamu ikichanganywa huongeza ukaidi wa sumaku ya neodimiamu, ingawa hupunguza nguvu, na tangu Aprili 2025 China inadhibiti uuzaji wake nje pamoja na samariamu. Hata hivyo, kwa mota ya moto, kupoteza nguvu kidogo ili kupata ukaidi ni biashara nzuri. Anayenunua asiridhike na kuambiwa sumaku inainua kilo ngapi; adai kuoneshwa grafu ya ukaidi wake kwenye joto la kazi, ikiwa ni nyuzi 150, basi 150.