Pikipiki ya ujana wako: itunze, nayo ikutunze

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, mara nyingi ukurasa huu unasema juu ya hatari za shimo, za mashine na za umeme. Leo tunasema juu ya furaha. Lakini furaha nayo inataka usalama.

Wewe uliyeanza kazi wakati jimbo letu lilipoitwa Shaba, ni kusema kati ya mwaka 1971 na 1997, unakumbuka pikipiki moja. Pengine ilikuwa Honda CG 125, pengine Yamaha DT 125, pengine Vespa. Pengine ilikuwa yako mwenyewe. Pengine ilikuwa ya jirani, nawe ulimsafishia kila juma ili akupakie mpaka sokoni. Kisha watoto walizaliwa, fedha ya shule ikatafutwa, pikipiki ikauzwa. Leo watoto wamekuwa wakubwa. Siku moja mwenzako anakuambia: «Kuna mzee mmoja anauza pikipiki ya zamani, bado nzima, hata rangi ni ile ya kiwandani.» Moyo unaruka.

Moyo kuruka si vibaya. Mtu aliyefanya kazi miaka mingi anastahili kitu cha kumfurahisha. Lakini kabla ya kutoa franka zako, shika neno hili: pikipiki iliyotunzwa vizuri imetunza chuma na rangi. Mipira, kamba na freni zinazeeka hata zikikaa kivulini. Na wewe pia umeongeza miaka.

KABLA YA KULIPA

Sikilizana kwanza na bibi yako. Bei ya muuzaji si bei yote: ongeza mipira mipya, freni, kaske na karatasi. Kama baada ya hayo fedha ya chakula na ya shule inaguswa, ngoja kwanza.

Nenda na fundi wako, si fundi wa muuzaji. Linganisha namba iliyogongwa kwenye shasi na ile iliyoandikwa kwenye karte roze. Ukiona namba imekwaruzwa au imepigwa tupa, rudi nyumbani, hata kama bei ni ndogo. Mali ya wizi haina furaha.

Omba motere isiwashwe kabla hujafika. Motere inayowaka vizuri ikiwa baridi imesema ukweli. CG 125 ikitoa moshi wa buluu, inakula mafuta. Lakini DT na Vespa za zamani zinachoma mafuta pamoja na esansi, kwa hiyo moshi kidogo ni kawaida yake. Kwa pikipiki za namna hii, uliza mafuta yanapita wapi. Tangu mwaka 1964 Yamaha ilianza kutumia pompi inayopeleka mafuta yenyewe. Pompi ikifa, pistoni inashika na gurudumu la nyuma linafunga ghafula katikati ya barabara. Likifunga, vuta mara moja mkono wa kushoto, ule wa ambreyaje, ili gurudumu lizunguke tena.

Vyuma vya kubadilisha vinapatikana? Kwa CG 125 jibu ni zuri. Honda waliitoa mwaka 1976 kwa ajili ya nchi ambako watu wanapakia mizigo mingi na hawabadilishi mafuta mara kwa mara. Motere yake ni nyepesi kutengeneza, na viwanda vingi vya China viliifuata. Hata hivyo, usinunue kwa neno la «hii inaingia». Fundi aweke chuma cha zamani na kipya pamoja mezani, avipime.

MPIRA UNAFICHA MIAKA YAKE

Muuzaji atakuambia: «Mipira hii haijatembea hata kilomita kumi.» Usitazame meno peke yake. Tafuta ubavuni namba ya siku ya kutengenezwa, mwishoni mwa herufi zinazoanza na DOT. Tangu mwaka 2000 ina tarakimu nne: 2319 maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu tu, mpira huo ulitengenezwa kabla ya mwaka 2000. Utoe, hata kama unang'aa. Mpira mkavu unapasuka ukipata joto na uzito, na pikipiki haina gurudumu la tatu la kukushika.

VUMBI LA FRENI

Wewe mtu wa shimo unajua vumbi linavyofanya kifuani. Basi sikia: freni nyingi za miaka ya 1970 na 1980 zilitengenezwa kwa amianti. Nyuzi zake ni ndogo mno, macho hayazioni. Zikiingia katika mapafu zinakaa humo, na ugonjwa, hata kansa, unaweza kutokea baada ya miaka mingi. Nchi za Umoja wa Ulaya ziliikataza kabisa tangu mwaka 2005.

Kwa hiyo, fundi akifungua gurudumu, asipulize kwa kinywa wala kwa hewa ya kompresere, wala asipanguse kwa brosi kavu. Alowanishe kwanza kwa maji, apanguse kwa kitambaa chenye maji, kisha kitambaa kifungwe ndani ya mfuko na kutupwa. Watoto wakae mbali. Weka freni mpya zisizo na amianti.

Hata zikiwa mpya, freni za zamani hazisimamishi sawa na zile za leo. Hesabu mwenyewe: ukienda kilomita 40 kwa saa, kila sekunde unapita metre 11, ukienda 60, unapita karibu metre 17. Lori la madini likisimama mbele yako, hizo metre ndizo uhai wako. Acha nafasi. Na kabla ya kuingia barabarani, jizoeze kusimama katika kiwanja kitupu, siku mbili tatu.

NYUMBANI: ESANSI NA MBABULA

Wengi wanalaza pikipiki ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi. Mama, hapa tunasema nawe. Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa. Unatambaa chini mpaka unafika kwenye mbabula. Karabireta ya zamani mara nyingi inavuja tone moja moja. Pikipiki isilale penye moto wa kupikia. Robine ya esansi ifungwe kila jioni.

Usiwashe motere ndani ya chumba kilichofungwa. Moshi wake una gazi isiyo na harufu inayoua, ndiyo ile ile ya mbabula yenye makala katika chumba kisicho na dirisha.

Usinyonye esansi kwa mpira kinywani. Na mtoto akinywa esansi, usimtapishe: ikipanda tena inaweza kuingia katika mapafu. Mkimbize hospitali.

KICHWA NI KIMOJA

Tunawaona wenzetu wanapanda pikipiki na kofia ya shimo. Kofia hiyo ni nzuri kwa jiwe linaloanguka kutoka juu. Haikufanywa kwa kichwa kinachogonga barabara. Uchunguzi wa nchi nyingi uliokusanywa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kaske ya pikipiki inapunguza vifo kwa 42 katika 100, na majeraha ya kichwa kwa 69 katika 100. Kaske ya ujana wako iache ukutani kama ukumbusho. Povu lake la ndani limezeeka. Nunua mpya, ifunge chini ya kidevu. Unayempakia naye avae yake.

Tena, umwone munganga akupime macho. Pikipiki nyingi ndogo za miaka ile zina umeme wa volti 6, taa yake ni hafifu, na macho ya miaka sitini usiku si macho ya miaka ishirini. Pikipiki ya zamani ni ya mchana.

SASA, FURAHI

Umefanya hayo yote? Basi panda. Chagua asubuhi moja ya kiangazi, kati ya mwezi wa tano na wa tisa, barabara ikiwa kavu. Nenda polepole, usikie motere inavyoimba. Watembelee rafiki wa zamani ambao simu peke yake haitoshi kwao. Jioni, mwite mjukuu. Mwonyeshe namna ya kusafisha bujia na kukaza shene. Mkono wake utajifunza uvumilivu, nawe utapata mtu wa kusimulia naye.

Ukinywa pombe, pikipiki ibaki nyumbani. Haiendi popote. Imekungoja miaka mingi, itakungoja na kesho. Jamaa yako pia inakungoja: urudi mzima.